Kumi na Moja ya Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa jikoni mara tatu kabla ya saa sita mchana. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya bangili. Mara ya pili nilionja mchuzi kwa kidole, kama tulivyofanya kwetu Buyenzi, Bujumbura, tangu zamani za mabibi zetu. Mara ya tatu nilipita na ndoo ya maganda mahali watu walipokuwa wanapanga saladi, na Chef akapiga ukelele nikadhani jiko limeshika moto. Wallahi nilitaka kurudi stesheni ya Gare du Midi, nilikoshuka huku Ulaya na begi moja miezi michache nyuma, nipande treni yoyote inayoondoka.

Hoteli yenyewe ilikuwa karibu na stesheni hiyo. Niliajiriwa plonge, yaani kuosha vyombo, nikiwa na umri ambao kwetu mtu anaanza kuitwa bibi. Chef alikuwa mtu mrefu, mkali, anayebeba kipimajoto mfukoni kama makarani wanavyobeba kalamu. Baada ya ile mara ya tatu alinishika kamba ya aproni akanipeleka mlangoni.

"Madame Zaina," akasema, "chakula kibichi kinaingia hapa, kinaoshwa pale, kinapikwa kule, kinatoka kwa mlango ule. Hakirudi nyuma. Na takataka zina njia yake. Njia hizo mbili zikikutana, kuna mtu atalala hospitali. Umeelewa?"

Nikasema ndiyo. Sikuelewa kitu, Kifaransa changu kilikuwa cha sokoni. Lakini nilielewa uso wake, na kwa muda nikaelewa na maneno. Nyinyi vijana mnaoingia jikoni leo mnafundishwa hayo darasani kwa picha za rangi. Sisi tulifundishwa kwa kelele.

Hapo hotelini ndipo nilipojifunza pia kuogopa. Asubuhi moja aliingia bwana mmoja mfupi, mpole, ana koti jeupe kwenye mfuko wa plastiki. Akaonyesha kitambulisho. Alikuwa mkaguzi wa chakula. Wakaguzi hawapigi simu kwanza, wanakuja tu. Chef wetu, yule simba, nilimwona anaangusha kipimajoto chake akifungua frigo. Mkaguzi alipoondoka, Chef alikaa juu ya kreti ya viazi akanywa maji glasi tatu mfululizo. Nikajiuliza, jamani, mtu msafi namna hii anaogopa nini? Bon, nilikuja kujua mwenyewe.

Kutoka hotelini nilikwenda jiko la nyumba ya wazee, Koekelberg, msaidizi wa mpishi. Mkubwa wetu hapo tulimwita Madame Intendante, msimamizi wa jiko, mwanamke mkavu asiyecheka hata ukimtekenya. Yeye alinifundisha mambo mawili niliyoyabeba maisha yangu yote.

La kwanza ni kupoza. Watu wanadhani kazi ya mpishi ni kuchemsha. Kuchemsha hata mtoto anaweza. Kazi ni kupoza. Chakula kikishuka motoni, kuanzia digrii sitini kwenda chini mpaka kumi, hapo katikati vijidudu vinafanya harusi. Kwa hiyo unapewa saa mbili tu, dakika mia na ishirini, kukivusha. Unakigawa kwenye trei bapa, unakiingiza kwenye mashine ya kupulizia baridi tunayoita cellule, na unaandika kwenye rejista: kimetoka motoni saa ngapi, kimeingia kwenye baridi saa ngapi. Kikipitiliza, unakimwaga. Na usiniambie utakichemsha tena. "Moto unaua mdudu," Madame Intendante alikuwa anasema, "lakini sumu aliyoiacha mdudu, wakati mwingine moto hauiwezi."

La pili ni sahani ya shahidi. Kila chakula kinachopakuliwa, unachota kidogo, unakitia kwenye kikopo safi, unabandika jina na siku, unakiweka kwenye frigo ndogo siku tano. Mtu akiugua, kikopo kinapelekwa maabara kutoa ushahidi. Niliuliza, "Madame, na kama shahidi atatushtaki sisi wenyewe?" Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Akasema, "Basi atakuwa amefanya kazi yake."

Mkataba wangu pale ulikuwa wa kumshikia mtu nafasi. Ulipoisha, nikapata kazi Matonge, kwenye restora ya Mama mmoja kutoka Likasi. Tulimwita Patronne, mwenye mali. Mwanamke wa watu, sauti kubwa, moyo mkubwa, hasira kubwa. Ulikuwa ukitoka metro Porte de Namur siku ya soko, unasikia anagombana na muuza ndizi kabla hujaiona restora. Alinipa mkataba wa kudumu, wa kwanza maishani mwangu. Nililia juu ya ile karatasi mpaka wino ukavimba.

Lazima niseme kwa nini. Binti yangu Rehema alikuwa bado Bujumbura kwa dada yangu. Nilimwacha akiwa na miaka kumi na miwili. Mwaka wangu wa kwanza hapa ningeweza kumwombea kuja kwa urahisi, lakini sikujua, na usilolijua ni usiku wa giza. Nilipokuja kujua, sheria ilidai nionyeshe kazi isiyoyumba. Na ilidai faili likamilike kabla hajatimiza kumi na nane. Wakati ninaousimulia alikuwa amebakiza miezi mitatu. Kazi hii ikivunjika, na mlango wa mtoto unafungwa. Nililala na hesabu hiyo, nikaamka nayo.

Jikoni tulikuwa wawili, mimi na Papa Kasongo, mtu wa Lubumbashi, mpishi wa nyama, mcheshi, mwandiko wake mzuri kama wa mwalimu. Mimi mwandiko wangu ni wa kuku anayetafuta punje. Donc tukagawana. "Maman Zaina," aliniambia, "weye soma, miye naandika."

Karatasi ya rejista ilining'inia kwenye mlango wa chumba cha baridi, chini ya saa ya ukutani. Chungu kikishuka motoni, mimi niliye jikoni naangalia saa yangu ya mkononi, napiga kelele: "Saa nne! Tisini!" Yaani saa nne asubuhi, digrii tisini. Papa Kasongo anaandika alichosikia: 4. Kisha chakula kikipoa, yeye ndiye anayebeba trei kuingiza ndani. Anainua macho, anaona mshale wa saa ya ukutani umesimama kwenye kumi na moja, anaandika 11.

Mmeona? Kwetu Buyenzi saa tunahesabu tangu jua kuchomoza, na nne yangu ni kumi ya ukutani. Papa Kasongo saa zake alizisema kwa Kifaransa, dix heures, onze heures, na nilichopiga kelele kwa Kiswahili alikiandika tu kilivyo. Kwa hiyo chakula kilipozwa kwa saa moja, safi kabisa, lakini karatasi ikasomeka 4, kisha 11. Nne ya Kiswahili, kumi na moja ya Kizungu. Kila siku hivyo, miezi. Na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaisoma. Tuliandika kama watu wanavyotabana, ili balaa lisije.

Sahani ya shahidi niliendelea nayo hata Matonge, ingawa restora hailazimishwi. Patronne alikuwa anakuta vikopo vyangu nyuma ya limau, anacheka mpaka anashika kiuno. "Mukuje muone! Maman Zaina anawekea majini chakula!"

Sasa nije kwenye Jumamosi yenyewe.

Tulikuwa na oda ya kanisa: watu themanini, karamu ya ubatizo, Jumapili mchana. Nilipika sombe, yaani kisamvu, chungu kikubwa ambacho mtu mmoja hakiinui, na karanga, na nyama ya ng'ombe. Saa nne asubuhi tukaepua wawili, nikafunika, nikapiga kelele yangu, "Saa nne! Tisini!" Papa Kasongo akaandika 4. Nilikuwa naenda kuleta trei, simu ikalia. Rehema.

"Mama, barua ya ubalozi imekuja! Wamesema faili liko sawa, imebaki karatasi moja tu, ya mwajiri wako, kwamba bado uko kazini. Mama, unanisikia?"

Nilitoka nje uani nikalia kwa furaha, nikacheka, nikamuuliza ana viatu vya baridi, upuuzi mtupu. Niliporudi wateja wa mchana walikuwa wameshajaa, mhudumu hakuja, Papa Kasongo kapelekwa kupokea watu. Mtu mmoja alikuwa amekisukuma chungu pembeni, nyuma ya magunia ya mchele, apate kupita. Sikukiona. Mniamini au msiniamini, sikukiwaza hata mara moja.

Nilikikuta nilipoinama kuchota mchele. Nikatazama saa yangu. Kumi na moja jioni. Nikafunua. Sombe ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Saa saba katikati ya hatari. Haikunuka, ilinukia vizuri, na hilo ndilo baya la chakula cha namna hiyo.

Nilijua la kufanya. Ningekwenda kwa Patronne niseme, nimeharibu chungu kizima, oda ya kanisa tuanze upya. Na Jumatatu ningemwomba sahihi ya ile karatasi. Nikamwona anavyonifokea. Nikaiona karatasi haina sahihi. Nikajiambia, kesho nitaichemsha sana, saa nzima, Mungu atasaidia. Nikaigawa kwenye trei haraka haraka, nikaiingiza mwenyewe kwenye chumba cha baridi.

Papa Kasongo akapita na kalamu yake, ana haraka, hatazami hata ukuta. "Maman, ile sombe umetia saa ngapi?"

Mdomo ukasema kweli bila kunitaka ruhusa. "Kumi na moja."

Akaandika 11. Nikaisoma karatasi: 4, kisha 11. Sawasawa na ya Ijumaa, sawasawa na ya Alhamisi.

Jumapili walikula, wakasifu, wakafunga ya nyumbani kwenye masanduku. Hata hivyo nilichota kikopo changu. Kwa nini, sijui. Mkono ulizoea.

Jumatatu asubuhi aliingia mkaguzi. Mwanamke wa makamo, Mflamandi, Mzungu wa hapa, nywele fupi, sauti ya chini, ana kisanduku cha baridi begani. Akasema watu wanne waliokula kwenye ubatizo wameharisha na kutapika. Alitaka kuona rejista. Nikashika ukingo wa sinki.

Akasimama mbele ya ule mlango, akasoma. Akafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Uso ukambadilika.

"Chakula chenu kinakaa nje saa saba," akasema. "Kila siku. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja. Nani ameandika hivi?"

"Ni miye, Madame," akasema Papa Kasongo, "lakini apana, haiwezekane! Sisi tunapolesha vizuri!"

Patronne akapiga mikono. "Mungu wangu! Sept heures? Banatufunga! Kasongo, umefanya nini? Maman Zaina, sema kitu!"

Na mimi nikasema. Mara hiyo hiyo nikaona kosa letu lilivyo, wazi, la kuchekesha. Nilivua saa yangu ya mkononi, nikamweleza mkaguzi kwa Kifaransa changu kibovu: kwetu siku inaanza jua likichomoza, saa moja yetu ni saba yenu, nne yetu ni kumi yenu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nne ni ya Kiswahili, kumi na moja ni ya ukutani. Kati yake ni saa moja tu.

Mwanzoni hakuamini. Nani angeamini? Akaomba karatasi za mleta nyama. Akazipanga juu ya meza pamoja na rejista, siku kwa siku, na penseli. Nyama inaletwa saa mbili na dakika kumi, yaani nane na kumi zao. Sasa nyama iliyofika saa nane, ingewezaje kuwa imeshuka motoni saa nne? Alihesabu siku tano, sita. Kisha akacheka. Wallahi alicheka, yule mwanamke, na Patronne akacheka kwa kulia, na Papa Kasongo akamkumbatia mkaguzi wa serikali kabla hatujamzuia.

"Kwa hiyo na hii ya Jumamosi," mkaguzi akasema, penseli iko kwenye mstari, "imeingia saa tano yenu. Ni sawa."

Aliniangalia mimi. Nikanyamaza.

Akauliza, "Mnaweka sampuli?" Patronne akajibu restora haidaiwi sampuli, na ni kweli. Mimi niliyekuwa na kikopo nyuma ya limau nikanyamaza mara ya pili. Akaandika ripoti: jiko safi, rejista imechanganya saa za aina mbili, irekebishwe. Akaondoka. Patronne akanibusu paji la uso. "Umetuponyesha, Maman!" Na mchana huo huo akatia sahihi karatasi ya Rehema bila hata kuisoma. Nikaituma siku ile ile.

Mnadhani nilifurahi? Usiku sikulala. Wale wanne walipona, nikamshukuru Mungu, nikasema yamekwisha. Jumatano Papa Kasongo akaniambia kuna wa tano, koko wa yule mtoto aliyebatizwa. Koko ni bibi, kwa Kilingala. Amelazwa tangu Jumatatu. Sisi hatuachi mgonjwa bila kumtazama, tukaenda wote wawili.

Bibi alikuwa mdogo ndani ya shuka, mikono imekauka, lakini macho yapo. Papa Kasongo alinitambulisha.

"Ah! Weye njo ulipika ile sombe?" akasema. "Aksanti, mwanangu. Tangu nafika huku Poto, kwa Bazungu, sijakula sombe ya vile."

"Koko, unaumwa nini?"

"Tumbo. Banasema ni nyongo, iko na majiwe. Vendredi banapasula." Akanishika mkono. "Ba docteur baliniuliza, ulikula nini? Binti yangu alitaka kusema sombe. Nikamukataza. Nikabaambia, sombe ya ule mama ni safi, hata muntu wa serikali alikuja akaona ni safi. Bataletea maman wa watu mambo bure."

Vendredi, yaani Ijumaa. Bibi wa miaka themanini na kitu anakwenda kupasuliwa, na madaktari hawajui. Nikatoka nje ya chumba, nikatapika kwenye choo cha wageni mpaka ikabaki nyongo yangu mimi. Papa Kasongo alidhani ni harufu ya hospitali.

Usiku ule nilipiga hesabu mara mia. Jiwe la nyongo lipo, wameliona kwenye picha, labda ni kweli ndilo linalomuuma. Labda sombe yangu haihusiki. Labda. Na upande wa pili yuko Rehema, barua imeshatumwa, watu wa ubalozi wanaweza kupiga simu kwa Patronne siku yoyote kuhakikisha. Kwetu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini haya hayakuwa maradhi yangu, na kifo hakikuwa changu.

Alhamisi asubuhi nilifungua frigo ndogo. Kikopo cha Jumapili kilikuwepo: SOMBE, DIMANCHE. Nilikishika juu ya pipa la taka. Nasema kweli, nilikishika pale muda mrefu, kifuniko nimeshakilegeza. Kisha nikakifunga, nikakizungushia mifuko ya mbaazi zilizoganda, nikatia kwenye mfuko wa soko, nikapanda basi mpaka ofisini kwa mkaguzi. Njia nzima niliogopa kiasi kwamba abiria mmoja alinipisha kiti akaniuliza kama naumwa moyo.

Mkaguzi alinikumbuka, akatabasamu. "Madame wa saa!"

Niliweka kikopo mezani. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yakapotea. Nikasema moja tu.

"Ile kumi na moja ya Jumamosi ni ya kwetu."

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Akafungua faili, akatafuta mstari, akahesabu kwa penseli, taratibu, kumi mpaka kumi na saba. Aliihesabu mara mbili. Tabasamu likaondoka na halikurudi tena.

"Kuna mtu hospitali," nikamwambia. "Kesho wanampasua."

Akanyanyua simu mbele yangu.

Yaliyofuata ni mafupi. Upasuaji uliahirishwa. Maabara ikakuta kwenye kikopo changu ile sumu ya vijidudu ambayo Madame Intendante alikuwa anatuonya juu yake. Bibi alikaa hospitali wiki mbili, akatoka kwa miguu yake, nyongo yake na mawe yake ndani. Nilimuuliza daktari, nipate usingizi tu, kama angepasuliwa ingekuwaje. Akasema, "Madame, swali hilo halina jibu." Basi mpaka leo sina.

Restora ilifungwa wiki sita. Patronne hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipa barua ya kuachishwa kazi mkononi, akasema, "Ungeniambia samedi jioni ile, Maman. Ningelia, ningekutukana, tungepika ingine." Na najua alisema kweli. Papa Kasongo alikaa wiki sita bila kazi, akaja nyumbani kwangu na samaki, akaniambia, "Miye njo naliandika. Ningeangalia ukuta, ningeona." Nikamfukuza na samaki wake, kisha nikamwita ngazini arudi.

Kutoka ubalozini walipiga simu. Patronne akajibu ukweli. Faili la Rehema likakataliwa. Nilipopata kazi nyingine, Rehema alikuwa na miaka kumi na minane na siku arobaini.

Kazi hiyo nyingine ilikuwa Koekelberg, kwenye nyumba ile ile ya wazee. Madame Intendante alikuwa amestaafu, na mkubwa mpya akaniuliza kwa nini niliachishwa Matonge. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyinyi. Akasema, "Rejista utaishika wewe." Nikaishika mpaka nikastaafu. Niliandika kwa mkono wangu huu wa kuku, kumi ni kumi, kumi na saba ni kumi na saba, na wakaguzi walipokuja bado nilitetemeka, kila mara, hata nilipokuwa sina kosa. Hofu hiyo haizoeleki. Wala msitake iwazoee. Mpishi asiyeogopa mkaguzi mwogopeni nyinyi.

Sasa nina muda. Mjukuu wa yule bibi hunipitia kunisalimu akipita mtaani kwetu. Bibi mwenyewe aliishi miaka minne baada ya hapo. Watu huniambia, Maman Zaina, ulifanya vizuri, ungekuwa na damu mkononi. Wananipongeza kwa nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kwamba ofisini kwa mkaguzi nilisema kweli, na kwa mwanangu sikusema. Rehema nilimwambia faili limekataliwa, ndivyo Wazungu walivyo. Akaamini. Akaolewa huko huko, akazaa wawili, ambao nawajua kwa simu tu. Miaka yote hiyo aliwalaani watu wa ubalozi, nami nikaitikia.

Nilipopata barua ya pensheni nilijiambia siwezi kufa na siri hiyo. Nikampigia. Nikamweleza chungu, magunia ya mchele, ile simu yake ya furaha, kikopo, basi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniingilia. Nilikuwa nimesimama, nimeshika kiti, kama siku ile ya sinki.

"Mama," akasema, "huyo koko alikuwa nani kwetu?"

Nikakaa kwenye kile kiti.

"Hakuwa mtu wetu," nikamwambia. "Alikula nilichopika."

Nikasikia mtoto wake analia kwa mbali, kisha simu ikakatika. Sijui kama ni yeye aliyekata au ni mtandao wa Bujumbura. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi naishika simu, na kila asubuhi naogopa kupiga.